Gari liko bondi Kahama, fomu ya bima iko mezani

BARUA

Mshauri, salaam.

Mimi ni mama wa miaka 47, mkazi wa Isevya hapa Tabora mjini. Biashara yangu ni asali. Naifuata Sikonge kwa warina asali, naichuja nyumbani, nauza kwa ndoo na kwa chupa. Mwaka 2022 nilinunua Toyota IST iliyotumika, nikahamisha umiliki TRA, kadi ikasoma jina langu. Viti vya nyuma nikivilaza naingiza ndoo 10 za lita 20. Ndoo moja ya asali ni kilo 28 hivi, kwa hiyo hapo ndipo mwisho wake. Tangu mume wangu afariki, gari hilo ndilo linalosomesha wanangu wawili.

Ijumaa ya wiki iliyopita niliegesha uani kama kawaida. Saa 11 alfajiri nimeamka kuswali, geti liko wazi. Kufuli halikuvunjwa, limefunguliwa na kuning'inizwa kwenye komeo. Chini hakuna hata kipande cha kioo. Nikakimbilia kabatini. Kadi ya gari ipo kwenye bahasha yake, ufunguo ninaoutumia upo kwenye pochi, ufunguo wa akiba haupo.

Nyumbani naishi pia na kijana wa dada yangu mkubwa. Nimemlea tangu akiwa darasa la tatu, sasa ana miaka 24. Ana leseni, na mara nyingi nilikuwa namtuma sokoni na gari. Ijumaa ile jioni aliaga anakwenda kwenye msiba wa rafiki yake Nzega.

Jumamosi nilikwenda polisi, nikaandikisha maelezo, nikapewa RB, ile namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi. Askari aliniuliza kama kuna mtu ninayemshuku. Nilisema hapana. Sikuwa na uhakika na chochote, Mshauri, lakini nisikufiche, jina lake lilikuwa limeshanipita kichwani. Jumatatu nikampigia wakala wa bima. Gari lina bima kubwa, thamani iliyoandikwa ni milioni 12, na mwaka huu nimelipa asilimia 3.5 pamoja na VAT, jumla 495,600. Wakala alinipa fomu ya madai, akasema niirudishe ndani ya siku 14.

Jumanne usiku dada alikuja kutoka Ipuli akiwa na kaka yetu mkubwa. Alilia kabla hajakaa. Kijana amempigia simu: gari liko Kahama, ameliweka bondi, yaani rehani, kwa mtu kwa milioni 2.8, riba asilimia 30 kwa mwezi. Pesa zote zimekwenda kulipa madeni ya mikeka, ile kamari ya kubeti mechi. Mwisho wa mwezi isipopatikana 3,640,000, yule mtu anauza gari.

Kaka alishalipangia. Nijaze fomu kwamba ni wezi wasiojulikana, bima ilipe, kijana afundishwe adabu ndani ya familia. "Bima wana hela, hawaumii, na wewe umewalipa miaka mitatu bila kudai hata senti," ndivyo alivyosema. Dada anasema nikimtaja mwanawe polisi, nimemzika akiwa hai.

Mimi nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Kuna saa natamani afungwe, kuna saa nakumbuka alivyokuwa analala miguuni kwangu akiumwa malaria. Fomu iko mezani. Swali la tisa linasema: "Je, unamfahamu au unamshuku mtu yeyote?" Nijaze nini? Nimripoti? Na dada yangu nimjibu nini? Amenipigia leo mara nne, sijapokea.

Mama Mdogo, Isevya

JIBU

Pole sana, Mama Mdogo. Wizi wa mtu wa nje unaibiwa mara moja. Huu wa mtu uliyemnawisha uso unaibiwa kila ukipita mlango wa chumba chake.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona umefunga mzigo mmoja ambao ndani yake mna vitu vitatu: gari, fomu na kijana. Kaka yako amevifunga hivyo kusudi, kwamba fomu itatibu gari na gari litamwokoa kijana. Tuvifungue, kwa sababu kila kimoja kina siku zake na hatari zake, na kimoja kinaweza kusubiri wakati kingine hakiwezi.

Kwanza niulize jambo ambalo sijaliona kwenye barua. Ni nani aliyeliona hilo gari Kahama? Wewe hukuliona, kaka hakuliona, dada ameambiwa kwa simu na mtu ambaye siku chache nyuma aliaga anakwenda msibani. Inawezekana anasema kweli. Inawezekana pia gari limeshauzwa na hiyo 3,640,000 ni pesa nyingine anayotafuta. Kabla hujapoteza usingizi juu ya kumwokoa au kumtaja, mwambie dada amwombe picha tatu: saa ya kilomita kwenye dashibodi, namba ya chesisi, na gari zima likiwa na kitu kinachoonyesha ni la leo. Namba ya chesisi ya IST imegongwa kwenye bati la nyuma ya injini, lile linalotenganisha injini na miguu ya dereva. Ukifungua boneti inaonekana. Ilinganishe na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Namba ya usajili usiihesabu kuwa ushahidi, kwa sababu kibao kinabadilishwa kwa bisibisi.

Kadi kubaki kabatini kwako ni heri kubwa kuliko unavyodhani. Mkopeshaji mwenye leseni ya Benki Kuu, wa daraja la pili (wasiopokea amana) chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kwa kawaida hashiki gari kama dhamana bila kadi na bila saini ya mwenye jina kwenye kadi. Huyu wa Kahama amepokea gari kutoka kwa kijana wa miaka 24, bila kadi, likiwa na jina la mwanamke, na riba ya asilimia 30. Ama hakuuliza, ama aliuliza akajibiwa akaridhika. Vyovyote iwavyo, kijana hakuwa na haki ya kuweka rehani kitu kisicho chake, na yule hakupata haki yoyote juu ya gari lako. Hiyo "mwisho wa mwezi nauza" ni maneno ya kumtisha mwanao. Mbele ya sheria ni mtu aliyeshika mali ya wizi, na akijua kwamba ni ya wizi ana kosa lake mwenyewe la kujibu.

Sasa fomu. Kaka anadhani swali la tisa ndilo mtego, kwamba ukiandika "hapana" umevuka. Swali la tisa ni dogo. Mtego uko kwenye funguo. Gari likiibwa, kampuni ya bima huomba kadi halisi, nakala ya leseni, taarifa ya polisi, na funguo zote. Zote, Mama Mdogo. Wewe una mmoja. Kufuli la geti halikuvunjwa, kioo hakikuvunjwa, ufunguo wa akiba haupo, na mtu mmoja wa nyumba aliondoka jioni ileile. Mtathmini wa hasara anayetumwa na bima hahitaji kuwa mjanja. Atakaa sebuleni kwako, atanywa chai, atauliza nani anaishi hapa, na jibu la watoto wako litamtosha. Baadaye polisi wakifuatilia simu, watakuta kijana amempigia mama yake, mama amekuja kwako, na fomu yako imeandikwa baada ya hapo. Hapo utakuwa umehama upande: kutoka kuwa mtu aliyeibiwa kwenda kuwa mtu anayetafuta malipo kwa maelezo ya uongo. Hilo ni kosa la jinai peke yake, na litakuwa lako, si la kijana.

Lakini tuseme kaka amebahatika, bima imelipa. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Bima ikilipa gari la wizi, deni la mwizi halifi. Linahamia kwa kampuni. Utasaini karatasi za kuwakabidhi haki zako zote juu ya gari na juu ya aliyeliiba. Gari likionekana miezi minne baadaye kwenye kizuizi cha trafiki Tinde, ni lao. Aliyeliweka bondi atakamatwa, na wanaomdai watakuwa watu wasiomjua, wasiomlea, ambao huwezi kuwaita kikao cha ukoo. Kaka anataka kumficha kijana nyuma ya bima, na bima ndiyo itakayomtafuta kwa bidii kuliko wewe.

Na hata hayo malipo, tuyatazame. Kampuni hulipa thamani ya gari kwa bei ya soko siku lilipoibwa, si lazima milioni 12 zilizoandikwa. Halafu kuna kiasi ambacho mwenye gari anabeba mwenyewe, watu wa bima hukiita eksesi. Tazama kwenye mkataba wako ni asilimia ngapi kwa wizi. Ikiwa gari limethaminiwa milioni 10.5 na eksesi ni asilimia 10, unabaki na 9,450,000. Tena si wiki ijayo, kwa sababu kwa kawaida husubiri polisi waseme wametafuta wamekosa. Gari ambalo familia nzima inajua liko Kahama haliwezi kuitwa limekosekana.

Upande wa pili, usidhani kwamba ukiandika ukweli basi umeshapoteza. Najua kinachokutia hofu. Mikataba mingi ya bima kubwa ina kipengele cha mambo yasiyofidiwa, na humo mara nyingi kuna wizi uliofanywa na mtu aliyekabidhiwa gari, au mtu wa kaya, au mwajiriwa. Kitafute chako, ukisome neno kwa neno. "Mtu aliyekabidhiwa" si sawa na "mtu wa kaya". Kijana ulikuwa ukimtuma mchana kwa ruhusa. Usiku ule hukumkabidhi kitu, alichukua ufunguo uliofichwa. Hapo pana hoja. Inaweza kushinda, inaweza kushindwa, lakini ni hoja unayoweza kuitetea ukiwa umekaa wima. Wakikataa, waombe wakatae kwa maandishi na wataje kipengele. Ukiona wamekuonea, malalamiko yanapelekwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili hiyo hasa. Mtu aliyedanganya kwenye fomu hana uso wa kwenda huko.

Kuna jambo jingine kwenye mkataba ulitazame kabla hawajalitazama wao. Asilimia 3.5 ni kiwango cha gari binafsi, na wewe unabeba ndoo za asali za kuuza. Soma wameandika nini kwenye "matumizi ya gari". Usiku wa wizi lilikuwa limeegeshwa, na hilo linakusaidia, lakini ukiulizwa matumizi usianze kubuni. Gari likirudi, mwambie wakala akubadilishie, hata kama utaongeza kidogo.

Kwa kampuni, basi, njia ninazoziona ni mbili. Unaweza kujaza fomu kwa unachokijua: siku ya tukio ulikuwa hujui, Jumanne umeambiwa na ndugu kwamba gari liko mahali fulani, hujathibitisha. Au unaweza kuwaandikia barua fupi kwamba umepata taarifa gari huenda likapatikana, unaomba madai yasubiri. Hii ya pili haikunyimi kitu. Likipatikana bila masega ya bomba la moshi, bila kontroli boksi (kompyuta ya injini), betri imebadilishwa na matairi manne mapya yamegeuka vipara, madai yako yatakuwa ya uharibifu badala ya gari zima, na huenda yakalipika. Njia ya kaka sikuihesabu, na nadhani na wewe hukutaka niihesabu, maana ungeshaijaza fomu bila kuniandikia.

Tuje kwa polisi. Umeandika kama vile kumripoti ni mlango ambao hujaugusa. Umeshaugusa, Mama Mdogo. Jalada lipo, RB unayo. Jumamosi ulisema humshuku mtu, na shaka iliyopita kichwani si ujuzi. Kwa hilo usijitese. Jumanne ndiyo imebadilisha mambo. Swali lililo mbele yako ni kama utaacha maelezo ya Jumamosi yaendelee kusimama wakati wewe mwenyewe unajua hayasimami tena. Kuna kitu kinaitwa maelezo ya nyongeza. Unakwenda kwa mpelelezi mwenye jalada lako, unaeleza ulichoambiwa, na nani, na lini. Hulazimiki kusema "ameiba fulani". Unasema "dada yangu ameniambia hivi". Kupima ni kazi yao.

Nisikupambie hatari yake. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, wewe ni shahidi. Ukishalisukuma gurudumu, si wewe unayeshika breki. Wizi wa kawaida kifungo chake kinaweza kufika miaka 7, na ule wa mtu aliyekabidhiwa mali miaka 10. Hizo ni dari. Kijana wa kosa la kwanza, aliyejisalimisha mwenyewe, gari likapatikana, hasimami mahali pamoja na aliyekamatwa akikimbia. Mahakama inaweza kuamuru fidia, inaweza kutoa adhabu isiyo ya kifungo, na tangu 2002 kuna Sheria ya Huduma kwa Jamii kwa vifungo visivyozidi miaka mitatu. Mkurugenzi wa Mashtaka ana mamlaka ya kuondoa kesi. Lakini hakuna askari, wakili wala mimi anayeweza kukuahidi lolote kati ya hayo, na ukikutana na mtu anayekuahidi kwa bei fulani, geuka. Dhamana ya polisi haina malipo. Dada alijue hilo mapema, asije akauza mbuzi.

Upande wa kukaa kimya nao una hatari, na sidhani kama kaka ameutaja. Gari liko barabarani, na hujui nani anaendesha. Likimgonga mtoto Isaka, kadi inasoma jina lako, na bima yako ndiyo itakayotafutwa. RB na maelezo ya kweli ndivyo vitu pekee vinavyoonyesha gari halikuwa mikononi mwako. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa madeni ya trafiki, na ule wa maegesho wa TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Kila faini inaandikwa na mahali na siku. Kama gari linatembea, huenda limeshaacha alama. Chapisha ukurasa huo uende nao kituoni. Omba pia polisi waiandikie TRA barua, ili mtu asije na hadithi ya kadi iliyopotea akahamisha umiliki.

Wazo la kulikomboa gari sijalidharau. 3,640,000 ni pesa nyingi, lakini ni chini ya theluthi moja ya milioni 12, na ndoo zako hazitembei zenyewe. Familia nyingi hufika hapo. Tatizo ni namna. Ukienda na vijana wawili na fedha kwenye mfuko wa nailoni, yule mtu atapokea, kisha atakwambia kuna gharama ya ulinzi wa gari, laki tatu nyingine. Au atakuonyesha gari lisilowaka. Ukilichukua kwa nguvu, huenda ukalala kituoni wewe. Na kumlipa ni kumkubali kama mdai halali, wakati si halali. Kama familia itaamua kuchangishana, mpelelezi ajue kwanza, makabidhiano yafanyike kituo cha polisi Kahama, pesa ipite benki au kwenye simu yenye jina la mpokeaji, na iandikwe karatasi. Tena mchango huo utoke kwa dada na kaka, uwe deni la kijana lililoandikwa. Usikope wewe kukomboa mali yako.

Hapo pana uzi mwembamba. Kurudishiwa mali yako si kosa. Kupokea pesa kwa sharti kwamba utaficha jinai ni kosa. Kikao cha ukoo kikikupa gari, kipokee. Kikikupa gari na karatasi ya kusaini kwamba hutazungumza na polisi, kalamu iweke chini.

Na polisi wakilikamata wao, jiandae pia: gari litakuwa kielelezo, yaani ushahidi wa kesi. Linaweza kukaa kwenye uwanja wa kituo wiki kadhaa, juani, matairi yakilala. Omba kupitia mwendesha mashtaka lipigwe picha na ukabidhiwe kwa dhamana ya kulileta likihitajika. Liombe mapema, kwa maandishi. Wasioomba ndio ambao magari yao huota nyasi. Kwa barua hizi, kama huna pesa ya wakili, tafuta wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza.

Imebaki sehemu ambayo hakuna fomu yake. Unasema kuna saa unatamani afungwe. Hasira hiyo haikufanyi mama mbaya. Ila jiulize unachotaka akione: jela, au uso wako? Na dada anaposema utamzika mwanawe, anaruka hatua moja: aliyechukua ufunguo kabatini si wewe. Yeye ana haki ya kumlilia mwanawe. Hana haki ya kukukabidhi wewe uamuzi ambao kijana mwenyewe anaweza kuufanya. Mbona hakuna aliyesema arudi? Kutoka Kahama hadi Tabora kuna basi kila siku. Arudi, asimame kituoni na mama yake kulia na mjomba wake kushoto, aseme alichofanya. Njia hiyo inapunguza mengi kati ya hayo tuliyoyaogopa, na ndiyo pekee ambayo si lazima uianze wewe.

Mkeka nao usiuache nje ya mazungumzo. Mtu aliyefika kuweka gari la mama yake mdogo bondi ana deni zaidi ya lile alilolitaja. Muulizeni yote, kwa majina na tarakimu, siku moja. Hospitali ya Kitete ina huduma ya afya ya akili, na kamari iliyomshinda mtu inazungumzwa huko kama ugonjwa mwingine wowote. Hayo yote hayamlazimishi mtu kumrudisha kwenye chumba chake kwako. Unaweza kumpenda akiwa anakaa Ipuli.

Usifute ujumbe wowote wa simu, hata ule uliokuudhi. Badilisha kufuli la geti leo, maana ufunguo wa geti naye alikuwa nao, na gari likirudi fundi umeme abadilishe swichi ya kuwashia kabla hujalilaza uani.

Na dada, mpokelee simu. Usimweleze kipengele cha bima wala mambo ya jalada, hatayasikia. Mwambie: "Dada, uongo sitaandika. Mengine sijaamua. Mwambie arudi, na akirudi aje kwangu kwanza, kabla hajaenda kwa kaka." Kisha nyamaza, umwache alie. Fomu bado ina siku kumi.

Mshauri